Kimpira Kisicho na Kazi

Jumatatu, 3 Machi

Pikapu inatetemeka. Ikikimbia, haina neno. Ikisimama huku injini inawaka, inatikisika mpaka kwenye kioo cha pembeni naona majirani wawili wawili. Ilianza wiki mbili hivi zilizopita. Uzee, nadhani. Asubuhi niliweka kikombe cha chai juu ya boneti nipime hali. Kikatembea chenyewe hadi ukingoni, kikaanguka. Kikombe cha mke wangu. Kile cha maua.

Tatizo ni Jumamosi. Mama mkwe anahama, na mimi ndiye niliyesimama mbele ya ukoo mzima nikasema mtu asijisumbue, mizigo yote na mama mwenyewe watapanda pikapu yangu. Nikapiga na kifua. Mwanyumba wangu, yaani mume wa mdogo wake mke wangu, akatabasamu, akasema kwa upole kwamba ya kwake ipo, endapo. Endapo! Ana pikapu mpya, inameta, injini yake huisikii mpaka ikukanyage.

Mke wangu aliniambia chumbani, bila hasira, na hapo ndipo ninapoogopa. Yeye ndiye mtoto wa kwanza, lakini kila jambo la mama yake hufanywa na mdogo wake na mumewe. Safari hii moja tu asiaibike. Nikamwahidi.

Hata hivyo, nyota yangu kwa mama mkwe inang'aa. Mapema mwezi uliopita, siku ya kumjulia hali, niliona miche yake ya nyanya inakauka. Baadaye mwezi huohuo nikampelekea uvumbuzi wangu: ndoo na kimpira chenye matundu, miche inajinywea tone kwa tone. Akacheka nami! Mara ya kwanza tangu harusi. Wala sikununua kitu. Ndoo ilikuwa stoo, na kimpira nilikichomoa mahali kilipokuwa kimekaa tu, hakina kazi yoyote.

Jumanne, 4 Machi

Kwa fundi. Fundi huyu ana kawaida yake, na wateja wote wanaijua. Hagusi gari mpaka umjibu swali moja: mara ya mwisho, wewe mwenyewe uligusa nini humo ndani?

Nikasema sijagusa kitu.

Akaniuliza tena, taratibu, anavyoulizwa mgonjwa amekula nini. Nikasema mimi na boneti hiyo hatujuani. Akafuta mikono, akasema mficha maradhi, kilio humfichua, nirudi nikikumbuka. Akaenda kulala chini ya lori la mtu mwingine. Huyo mwenye lori ni mtu mkweli, bila shaka.

Nimeondoka nimenuna. Nikumbuke nini? Nilifungua boneti mara moja tu, tena kwa jambo lisilohusiana na injini kabisa. Gari ni langu, mikono ninayo, bisibisi ninayo. Nitalitengeneza mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Nimebadilisha plagi zote nne. Zile za zamani zilikuwa nzima, nimegundua baadaye. Inatetemeka vilevile.

Mchana nikapata wazo la kipaji. Injini inatetemeka ikiwa taratibu? Basi isiwe taratibu! Kuna skurubu ya kuongeza mwendo. Nikaikaza mizunguko miwili. Injini ikanguruma, mtetemo ukapungua. Nikaongeza miwili ya bahati.

Kumbe sasa pikapu haitaki kusubiri. Nilipoachia klachi kidogo tu, ikaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, ikapita ua wa jirani, ikasimama kwenye kamba yake ya nguo. Nimerudi nyumbani na shuka juu ya kioo cha mbele. Jirani alilichukua shuka lake, akalinusa, akaingia ndani.

Nimeirudisha skurubu. Zimebaki siku tatu na sijui nifanye nini. Usingizi wenyewe wa vipande vipande.

Alhamisi, 6 Machi

Mbinu mpya. Kama siwezi kuondoa mtetemo, niufiche. Nimekata godoro la zamani, nimelishindilia chini ya kiti cha abiria, tabaka tatu. Redio nimeifungulia sauti ya juu. Nikamwomba mke wangu akae kwa majaribio.

Godoro limempandisha mpaka kichwa kinagonga paa. Nikawasha. Alikuwa ananiambia jambo, nikaona midomo inatetemeka lakini sikusikia kwa sababu ya redio. Akashuka. Nilipozima ndipo nikajua alichokuwa anasema: mama ana miaka sabini na mgongo mbovu.

Wakati huohuo, nani anapita? Mwanyumba. Akasimama ubavuni mwangu, injini yake kimya kama maji ya mtungi, akauliza kama siku hizi ninasaga unga. Nikacheka. Kicheko cha nje tu, ndani naungua. Akasema kesho atampigia mama simu, kuuliza kama aje tu na ya kwake, asihangaike mtu.

Mke wangu alisikia. Hakunitazama. Nimejiona mdogo kama punje.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemeza kiburi, nimerudi kwa fundi. Swali lilelile. Jibu lilelile. Ningebadilishaje sasa? Angejua kwamba Jumanne nilidanganya, na mimi nina heshima zangu.

Alinitazama sana. Kisha akasema mke wangu amempigia, ataifanya kwa ajili yake.

Akawasha injini. Akachukua kipande cha mpira, ncha moja akaiweka sikioni, nyingine akaipitisha juu ya injini, polepole, kama daktari kifuani. Akasimama. Akanipa mpira nisikilize. Ssssss! Kitundu kidogo, wazi, kinavuta hewa ya bure. Akaweka kidole juu yake.

Kimya! Pikapu ikatulia papo hapo, kama mtoto aliyepewa ziwa. Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Hiki kilivunja wiki yangu nzima.

Akasema hapa palikuwa na mpira, urefu wa mkono hivi, na mipira haina miguu. Ndoo. Nyanya. Nikajitia hamnazo. Nikasema panya.

Akauliza ni panya gani anayelegeza kibanio kwa bisibisi, kisha anakiweka vizuri pembeni kisipotee. Nikasema panya wa siku hizi wamesoma. Hakucheka. Akaziba tundu kwa kipande cha mpira chenye kizibo, dakika tatu. Pesa akakataa. Alitaka nimwambie tu ukweli, basi. Nikasema panya, nikaondoka haraka.

Mwanyumba alishampigia mama. Mama amemjibu kwamba mkwe wake mkubwa aliahidi, kwa hiyo atamsubiri mkwe wake mkubwa. Mke wangu alinisimulia huku anapiga pasi, akilitabasamia shati.

Jumamosi, 8 Machi

Siku yenyewe! Pikapu inawaka, huisikii. Kabati, kitanda, masufuria, vyote nyuma. Mbele mimi, mke wangu katikati, mama dirishani. Mwanyumba anatufuata na gari tupu, endapo. Nilikuwa nasimama hata pasipo na sababu, wasikie utulivu.

Mama alikataa kitu kimoja tu kisipande nyuma: ndoo yake ya nyanya. Akaipakata, kimpira kikaning'inia nje ya dirisha.

Tulipofika mbele ya gereji, mama akaniamuru nisimame amshukuru fundi. Nikasema tutachelewa. Akasema shukrani haichelewi. Nikasimama.

Fundi akainama dirishani, akapokea shukrani. Macho yakashuka kwenye ndoo. Yakafuata kimpira, kidogo kidogo, mpaka kwenye ncha yenye alama ya kibanio. Yakanipandia mimi. Akamwuliza mama, kwa adabu kabisa, kifaa hiki kizuri kimetengenezwa na nani. Mama akasema kwa fahari, mkwe wangu huyu. Fundi akasema aa, kumbe ndiye panya.

Akacheka mpaka akashika mlango. Mwanyumba naye alikuwa ameshashuka kuja kuona gari limeharibika nini. Ikabidi fundi asimulie yote, kuanzia swali la Jumanne. Uso wangu ulikuwa unawaka kuliko injini. Mke wangu alijifunika uso kwa viganja, mabega yanatikisika. Nikajua nimemliza mbele ya watu.

Mama akaigeuza ndoo mapajani, akakishika kimpira. Kisha akasema, mwanangu, umechomoa utumbo wa gari lako ili nyanya zangu zinywe maji? Akamgeukia mwanyumba, akamwuliza yeye na gari lake jipya walishamchomolea nini.

Mke wangu akaondoa viganja. Alikuwa anacheka! Machozi yanamtoka. Akaegemea bega langu njia nzima, mbele ya mama yake, jambo ambalo hajawahi.

Jioni akaniomba kitu kimoja: nisichomoe tena kitu nisichokijua kazi yake, na nikiulizwa, niseme ukweli. Nimeapa. Nimejifunza, kweli nimejifunza.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amepiga simu asubuhi. Uwanja mpya ni mkubwa, ndoo moja haitoshi. Anaomba ya pili, ikiwezekana leo, jua ni kali na miche imeinama. Nimesema ndiyo kabla hajamaliza.

Ndoo ninayo. Kimpira sina. Maduka yamefungwa.

Mwanyumba amesafiri kwa basi, ameacha pikapu yake uani kwetu, akanikabidhi ufunguo niilinde. Nimefungua boneti, kuitazama tu. Imejaa vimpira! Vyeusi, laini, vipya. Kimoja kule nyuma kimekaa tu, hakina kazi yoyote.

Somo nimelishika: usichomoe kwenye gari lako. Naye akirudi asiwe na wasiwasi, fundi yupo. Atamwuliza mara ya mwisho aligusa nini humo ndani. Maskini, atasema kweli kabisa kwamba hajagusa kitu.

Bisibisi yangu iko wapi?