Shairi Langu la Vita na Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 16 Juni
Cheo kiko wazi! Mkuu wa idara ya Kiswahili amehamishwa Emali. Mwalimu mkuu, Bwana Kyule, anasema wakaguzi watakuja Ijumaa kutazama vipindi vya ushairi, na watakayempenda ndiye atakayekalia kiti. Tumebaki wawili: mimi, Ndululu, na Madam Mwongeli. Mwongeli alikuja hapa Kabati juzi tu!

Nitafundisha shairi kuhusu watoto walioathiriwa na vita. Wakaguzi hupenda huzuni. Sikupata la kunifaa, basi nimelitunga mwenyewe wakati wa chai. "Ewe bunduki katili, mbona wamtesa mwana." Mizani safi! Chini nimeandika: mshairi hajulikani.

Jumanne, 17 Juni
Mazoezi na Kidato cha Tatu. Kila nikiuliza swali, mikono yote juu. Anayejua ainue wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Mimi nachagua wa kulia pekee. Akili hii sijui nilizaliwa nayo au ni chakula.

Kuna msichana mpya, Nasima, anakaa kwa shangazi yake anayeuza nguo sokoni. Kimya sana. Kiswahili chake kina mtindo wake, nadhani ni wa Lamu huko. Sijamuuliza. Nimempa mkono wa kushoto kwa maswali yote.

Jumatano, 18 Juni
Mwongeli ameliona shairi kwenye mashine ya kutoa nakala. Akacheka! Mbele ya walimu wote! Akasema aliyelitunga hajawahi kusikia hata tairi ikipasuka. Akauliza ni mtoto gani huyo anayekimbia risasi huku akiihutubia bunduki. Nilitaka kumjibu, lakini si mshairi hajulikani? Nikamalizia hasira kwa chapati. Wivu tu.

Alhamisi, 19 Juni
Nimemwagiza Nzuki alie tukifika ubeti wa tatu. Akaanza ubeti wa kwanza, tena ni machozi ya kucheka. Darasa zima likaangua kicheko. Vita vina kichekesho gani? Nikawafukuza wote nje, halafu nikawarudisha, maana kesho nawahitaji. Kazi ya kulia nimempa Kalondu. Huyo hulia hata akikosa mandazi.

Ijumaa, 20 Juni
Wuui!

Mambo yalianza vizuri. Kalondu alilia palepale pa kulia. Nikauliza nafsi neni, yaani anayezungumza shairini, ni nani. Mikono yote juu. Kabla sijachagua, mkaguzi mkubwa, mama mwenye miwani, akamnyooshea Nasima kidole. Mkono wa kushoto kabisa! Nikasema huyo ni mgeni. Mama akasema anamtaka huyo huyo mgeni.

Nasima akasimama. Akasema anayezungumza hapo ni mtu mzima, mtoto hawezi kusema hivyo. Akasema mabomu yalipoanza kwao Goma, yeye hakuwaza bunduki. Alikuwa amemkasirikia kaka yake kwa kuvaa viatu vyake. Walikimbia wakigombania viatu njia nzima. Watu wakasukumana, mkono wa kaka ukamponyoka. Mpaka leo hajui alipo. Neno la mwisho alilomwambia ni mwizi.

Mkaguzi akavua miwani. Kalondu akalia tena, bila kuagizwa. Na mimi muda unaniishia, swali la vina bado! Nikamshukuru Nasima, nikasema hayo hayamo shairini. Nikamchagua Mwau, mkono wa kulia. Akajibu kwamba nafsi neni ni mtoto aliyeathiriwa na vita. Sahihi! Nikaomba makofi. Nilipiga peke yangu.

Mwongeli, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akamshika Nasima mkono wakatoka nje. Kipindi changu! Bila ruhusa!

Jumapili, 22 Juni
Cheo kapewa Mwongeli. Kyule alinipigia simu jana. Eti wakaguzi waliuliza kama nawajua wanafunzi wangu. Kwani siwajui? Nasima si yule wa mkono wa kushoto?

Lakini mimi si wa kukata tamaa. Leo kanisani, katikati ya mahubiri, limenijia shairi jipya: "Viatu vya Kaka." Wakaguzi wakilisikia hilo watanipa shule nzima! Viatu nimevigeuza buti ili mizani ikae. Kilichonikwamisha ni ubeti wa mwisho. Kaka akiwa amepatikana, kina ni na. Akiwa ametoweka, kina ni ka, na ka ni tamu zaidi. Kesho asubuhi nitamwita Nasima ofisini nimuulize kama kuna habari yoyote ya kaka yake.

Naomba Mungu iwe bado hakuna.