Mafiga ya Mwenyekiti

Napenda kuutangazia umma wa Masasi, na wa Newala kwa kiasi unachostahili, kwamba Chama cha Wapenda Mawe na Madini kimefungua milango ya uanachama. Mimi ndiye katibu. Sharti ni moja tu: mwombaji alete mawe matatu aliyoyaokota mwenyewe, yasiyowahi kuguswa na moto. Jiwe lililoungua limevunjiwa heshima.

Mwombaji wa kwanza alikuwa Mama Stamili, mama lishe anayepika nje ya ofisi yetu. Alituonyesha kwa kidole mafiga yake, pale chini ya sufuria ya maharage.

“Shikamoo, Baba Mujibu,” alimwambia mwenyekiti wetu, Bwana Halfani. “Haya niliyaokota Lulindi, nikayabeba kichwani. Hili lina ulanga, likipigwa na jua linameremeta. Kwetu Makote, kule Newala, mchanga mtupu, baba! Ukitaka jiwe la kumtishia mbwa, panda gari uje Masasi. Mawe nayapenda hadi nayaota.”

“Marahaba. Lakini haya yameonja moto,” alisema mwenyekiti. “Tena asiye mwanachama haruhusiwi kumiliki jiwe katika eneo la chama.”

Uso ulimsawajika, nami nikamwonea huruma ya kiofisi. Lakini ni raia mtiifu. Aliepua sufuria, akaumwagia moto maji, akayabeba mafiga kwa matambara hadi mezani kwetu.

“Nasalimisha, baba.”

Hapo ndipo kamati ilipobaini changamoto ya kimkakati. Mgeni rasmi kutoka mkoani alikuwa njiani, na maharage ya kumkaribishia bado magumu kama risasi. Tuliketi kikao cha dharura. Tulisamehe moshi wote wa nyuma, si wa mbele, tukampa uanachama kwa makofi. Alilia kwa furaha, akayapangusa mawe yake kwa kanga.

“Haya, Mama Stamili, washa moto,” alisema mwenyekiti.

“Kwa mafiga yapi tena? Haya sasa ni mawe ya mwanachama. Mnataka nifukuzwe leo leo?”

Hoja ilikuwa nzito. Mawe yote ya mtaani tulikwisha kuyapaka chokaa na kuyatangaza hifadhi. Yangu mimi, kwa bahati mbaya, niliyasahau nyumbani. Honi ya gari la mgeni ilisikika barabarani. Mwenyekiti alifungua kabati la vioo, akatoa mawe yake matatu, akachuchumaa na suti yake kuyapanga jikoni.

Mgeni alikula sahani mbili. Mawe ya mwenyekiti yakawa meusi tii.

Kwa kuwa katiba haimwogopi mtu, nilimsomea Bwana Halfani kifungu husika nikamsindikiza mlangoni. Kila siku anarudi kuomba uanachama. Mama Stamili, ambaye ndiye mwenyekiti wa muda, humpokea kwa adabu zote.

“Baba Mujibu, mawe yako yameonja moto,” humwambia. “Kaa hapo nje, baba, nikuletee maharage.”