Kiuno Kilichopungua kwenye Futi

Jumamosi, 4 Mei

Jana kwa daktari. Mke wangu alinisindikiza, akakaa kiti cha mbele. Mimi mgonjwa nikapewa kile cha pembeni. Daktari akasoma karatasi ya vipimo, akavua miwani. Sukari iko mlangoni, akasema, imeshika kitasa. Nipunguze mwili, na njia ni kuacha vyakula vya wanga. Mkate, wali, viazi, tambi, keki, soda. Nikauliza kimebaki nini. Nyama, samaki, mayai, mboga za majani. Nikauliza vyote hivyo navila na nini. Akaandika turudi katikati ya Juni.

Niweke wazi hapa, maana kwingine sisikilizwi: mimi si mnene. Mimi ni fundi wa suti, na kazi ya fundi ni kukaa. Kifua changu kimeshuka kidogo, basi.

Kufika nyumbani mke wangu akahamisha jiko. Mchele kwa dada yake. Viazi kwa jirani. Mkate, tena mzima, wa asubuhi ile ile, kwa mlinzi wa mtaa. Akachukua futi moja ya dukani, ile ya njano ninayopimia wateja, akasema atanipima kiuno kila Jumamosi. Nilitaka kubisha. Akasema tu, "Kaka yako," nikainua mikono anipime. Kaka yangu alikatwa mguu kwa maradhi haya haya, kisha hakukaa sana. Mke wangu ndiye aliyekuwa akimfunga kidonda. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Jumatatu, 6 Mei

Mayai asubuhi. Kabichi na nyama mchana. Usiku kabichi peke yake.

Fundi mwenzangu wa duka la mbele, tunayemwita Kijiti, amekula mkate mzima kizingitini pake. Anachovya kwenye chai, macho kwangu. Ni mwembamba kama jina lake. Chakula kinaingia, hakionekani kilikokwenda. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nimeamua tu. Akasema hongera, akamega tena.

Nimenunua biskuti. Paketi moja, ya dharura, kwenye droo ya bobini za uzi. Hamadi kibindoni.

Alhamisi, 9 Mei

Cherehani imekwama. Chenga za biskuti zimeingia mpaka kwenye nyumba ya bobini. Nimeifungua yote, nikaisafisha kwa brashi, nikaipaka mafuta. Asubuhi nzima imepotea. Mteja wa kaptula amesubiri hadi akalala.

Chenga kubwa nimezila. Zilikuwa na ladha ya mafuta ya cherehani. Lakini wanga ni wanga.

Jumamosi, 11 Mei

Kupimwa. Kiuno kiko pale pale, pengine kimeongeza unywele. Mke wangu akapima tena, pole pole, kama anaibembeleza futi. Akasema labda karanga ndizo zinaniponza. Karanga zimeondolewa.

Karanga hazikuwa na kosa lolote. Nimeziacha zihukumiwe.

Jumatano, 15 Mei

Nimepata akili! Kiuno kimenishinda, lakini futi naimudu. Mke wangu anaiweka kwenye kabati la nguo. Leo alipokwenda sokoni nimeikata inchi mbili mwanzoni, nikakirudishia kile kibati cha ncha kwa koleo. Kazi safi. Yeye haangalii futi inapoanzia, anaangalia inapokutana.

Nimejipongeza kwa sahani ya tambi kwenye mkahawa wa nyuma. Kubwa.

Jumamosi, 18 Mei

Kiuno kimeongezeka inchi mbili.

Nimeshona suti tangu ujana. Nimepima mabwana harusi, mawakili, hata mcheza mieleka. Na sikufikiri kwamba ukikata mwanzo wa futi, namba zote zinasogea mbele. Ukikata unanenepa. Ilitakiwa niongeze!

Mke wangu alikaa kitandani, mkono shavuni. Hakugomba. Ingekuwa nafuu angegomba. Maziwa ya chai yameondolewa.

Jumatatu, 20 Mei

Nimefanya kazi ya kitaalamu. Futi mbili mpya, za njano vile vile. Ya kwanza nimeikata baada ya ishirini na nne, nikaiunganisha na ya pili kuanzia ishirini na tatu. Kwa hiyo inasoma ishirini na tatu, ishirini na nne, kisha ishirini na tatu tena, na safari inaendelea. Uzi wa njano, mishono midogo kuliko ya suti ya waziri. Ikizungushwa kiunoni, maungio yanakaa mgongoni, ambako mke wangu haangalii.

Nimeibadilisha kabatini. Sijawahi kushona kitu kizuri hivi, na hakuna wa kumwonyesha.

Jumamosi, 25 Mei

Kimepungua! Tena kwa kuwa wiki iliyopita kilikuwa kimeongezeka kwa bahati mbaya, leo kimeanguka inchi nne kwa mpigo. Niliogopa atashtuka. Alishtuka, akasema, "Kumbe yalikuwa ni maziwa."

Akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu kaka augue. Akampigia dada yake, akamweleza, akakata, akakumbuka kitu, akampigia tena. Akanikaangia samaki mzima.

Niliona haya. Kweli niliona haya, nikamwacha samaki nusu. Nikatoka kutembea ili haya ipungue, na njia ikanipitisha kwa muuza mikate.

Jumanne, 28 Mei

Daktari amekuja dukani. Mwanawe anaoa katikati ya mwezi ujao, na yeye baba anataka suti ya bluu iliyokolea. Amenipa kazi mimi, si Kijiti! Nilihakikisha Kijiti anaona.

Wakati huo huo mke wangu akaingia na chakula changu. Hakuweza kujizuia. Siku hizi futi anatembea nayo kwenye mkoba. Akaitoa, akaikunjua mbele ya daktari, akamwonyesha kwa kidole nilipokuwa na nilipo. Daktari akanipa mkono. Akasema wagonjwa wake wengi wanakata tamaa wiki ya kwanza, atawatajia habari zangu. Mke wangu akanivisha ile futi shingoni kama nishani.

Nikampima daktari. Kifua, kiuno, nyonga, urefu wa suruali. Mkono ulikuwa imara. Kichwani nilikuwa nawaza jinsi nitakavyotajwa kwa wagonjwa. Tulipomaliza mke wangu akaichukua futi yake, akaenda zake.

Alhamisi, 6 Juni

Daktari amekuja kujaribu. Koti halifungi. Suruali haifiki kwenye kifungo, na chini imeishia juu ya kifundo cha mguu.

Nilikuwa nimepiga magoti na pini mdomoni nilipokumbuka ni futi gani niliyompimia. Nilizishukuru pini. Mwenye pini mdomoni hatarajiwi kusema.

Daktari akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye ndiye anayekataza watu, na tazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Lakini kumwambia daktari ni kumwambia mke wangu. Nikatoa pini moja moja, nikasema hutokea, hasa kwa watu wa ofisini.

Akauliza, na ufupi wa suruali? Nikamweleza kwamba tumbo likikua huivuta suruali juu. Akatikisa kichwa kukubali. Amesoma sana, lakini hakusomea suruali.

Mlangoni akageuka, akaniuliza mimi nakula nini. Kabichi, nikasema. Chai yake aliiacha, ilikuwa na sukari.

Jumamosi, 8 Juni

Kiuno kimetulia kwenye futi. Mke wangu ameridhika, amesema huo ndio uthabiti. Ameanza kuhesabu siku za kurudi hospitali kwa hamu, kama mtoto anayengoja matokeo mazuri.

Mimi sizihesabu. Mizani ya hospitali ni ya chuma na imefungwa sakafuni. Nimefikiria mafua. Nimefikiria kusafiri. Nimekula viazi kufikiria vizuri zaidi.

Jumanne, 11 Juni

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na upana wa barabara moja.

Daktari, kwa kutotaka kunisumbua, amempelekea Kijiti suruali airefushe. Kijiti akampima. Akaona mwili wa daktari na namba zangu havijuani. Adhuhuri akavuka barabara, futi shingoni, taratibu. Mke wangu alikuwa ananifungulia chakula. Kijiti akamwamkia, "Habari za nyumbani, shemeji," akaomba kuiona futi niliyompimia daktari. Mke wangu akaitoa mkobani mwenyewe, kwa fahari.

Kijiti akailaza juu ya meza ya kukatia, sambamba na yake. Ilipofika kwenye maungio, moja ikaendelea na nyingine ikarudi nyuma. Mke wangu akainama, akasoma kwa kidole.

"Ishirini na tatu. Ishirini na nne. Ishirini na tatu."

Kijiti akaanza, "Mficha maradhi," hakuimalizia. Nilitegemea acheke. Hakucheka, alitazama sakafu, akaondoka bila kuchukua futi yake. Hilo sitamsamehe.

Mke wangu akaichukua futi ya Kijiti, akanizungushia kiunoni. Nimezidi hata nilivyokuwa Mei. Namba hakuitaja.

"Kila Jumamosi ulikuwa unaniona ninavyofurahi," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Na ukaniacha nifurahi."

Nilikuwa na maelezo kuhusu maziwa. Nashukuru hayakutoka. Akafunga chakula upya, akakiacha mezani, akaenda nyumbani kwa miguu.

Ijumaa, 14 Juni

Hospitali. Safari hii yeye alikaa kiti cha pembeni.

Sukari haiko mlangoni tena. Imeingia, imekaa, imevua viatu. Daktari ameniandikia vidonge asubuhi na jioni, akaeleza kitakachofuata visipofaa. Alieleza akimtazama mke wangu, na mke wangu akaitikia kila neno. Alikuwa anayajua maneno yote tangu enzi za kaka.

Nikamwomba daktari radhi kwa suti. Akasema amepungua kidogo kwa zile siku za kabichi na anajisikia mwepesi, lakini nisimtolee tena ushauri. Kijiti amemshonea nyingine usiku na mchana. Nimeiona ikining'inia kwenye mlango wake. Mabega yamekaa vizuri. Naandika kwa uchungu.

Kwenye ukumbi wa kusubiri mke wangu akalia. Hakulia kwa sauti, alikaa tu machozi yakimtoka, mkoba mapajani. Nikaketi kando yake, nami nikalia, mbele ya watu na watoto wao. Akasema, "Sikufunga kile kidonda ili nije nifunge chako." Nikamwapia kwa jina la kaka. Hila zimekwisha. Nilimaanisha, na ninamaanisha sasa ninavyoandika.

Jumamosi, 5 Oktoba

Sikuandika miezi yote hii kwa sababu hapakuwa na la kuandika. Kula kabichi kwa uaminifu hakuna habari.

Lakini nimepungua! Kweli, kwa futi aliyoinunua mke wangu mwenyewe na ambayo sijaigusa. Mayai, samaki, nyama, majani. Wiki za kwanza niliota mikate. Baadaye njaa ilichoka kunisumbua. Suruali zinaniporomoka. Kijiti aliniuliza kama naumwa, safari hii kwa wasiwasi.

Jana hospitali. Sukari imerudi nje. Vidonge vimepunguzwa nusu. Daktari akasema sasa ndipo kazi inapoanza. Kupungua ni jambo moja, kubaki umepungua ni jambo la maisha, na wengi huangukia hapo. Nikatikisa kichwa kwa heshima. Daktari huyu ni mtu mzuri, ila anapenda kutisha. Kazi imekwisha, naiona kwenye kioo.

Leo nimebana suruali zangu zote. Kitambaa kilichozidi sikukikata. Nimekikunja ndani, vidole vinne kila upande, nikakishikiza kwa mishono mirefu inayofumuka kwa mvuto mmoja. Mke wangu akauliza kwa nini sikati. Nikamwambia fundi mzuri hapotezi kitambaa.

Kisha nikamwambia, kwa kumwonea huruma, kwamba hii kazi ya kunipima kila Jumamosi inamchosha bure. Mara moja kwa mwezi inatosha kwa mtu aliyekwisha kupona. Akaikunja futi yake, akaiweka kabatini, chini ya shuka.

"Sawa," akasema. "Nakuamini."

Nimefurahi sana. Mwanamke huyu ana moyo wa dhahabu, sistahili hata nusu yake. Nilipokuwa natoka dukani jioni muuza mikate alikuwa anafunga, na mkate ulikuwa umebaki mmoja. Nimekula kipande kimoja tu, cha pongezi. Kile cha pili kilikuwa ncha ya mkate, na ncha haihesabiwi.