Wazungu Wawili wa Mama Wegesa

Mwaka ule ndege ziliposusa kuja na kambi za watalii zikabaki mikononi mwa nyani, Nchagwa alikuwa amekaa kwenye kibanda cha supu pale Bomani, Tarime, akimung'unya kongoro na kusikiliza redio. Redio ikasema kuna nchi za visiwa, huko mbali baharini, zimebuni dawa ya utalii uliokufa. Badala ya kumwita mgeni aje wiki moja, apige picha, aondoke, zinamwita aje akae. Nusu mwaka, mwaka mzima. Alete kompyuta yake, afanye kazi kivulini, ale, alale, alipe. Nchagwa akaacha kutafuna. Muuza supu alidhani amekabwa na mfupa, akamletea maji.

Tumjue kidogo huyu bwana kabla hajatuuzia kitu. Kwa miaka mingi alikuwa dereva wa watalii, tena mwenye gari lake mwenyewe, la kijani, lile la paa linalofunguka, na Kiingereza cha kumlaza simba usingizi. Corona ilipoingia, gari likabaki na matairi yaliyolika hadi waya, na yeye akabaki na mdomo. Mfanyabiashara mmoja wa mkaa alikuwa ameshalizunguka gari lile mara kadhaa, analigonga gonga ubavuni na kusema, "Hili litabeba magunia mazuri sana." Magunia! Gari lililobeba mabalozi! Nchagwa angeuza figo kwanza kuliko kuliuza, mradi tu figo ziwe za mtu mwingine.

Basi hapo hapo mezani, supu haijapoa, mradi ukazaliwa na ukapewa jina: Kaa Kitambo Serengeti.

Mteja alikuwa anamjua tayari. Upande wa hifadhi, kijiji kimoja mbele ya Morotonga, aliishi mjane wa Kikurya, Mama Wegesa, mwenye zizi lililojaa na kichwa kigumu. Mwaka uliotangulia alijenga nyuma ya nyumba yake vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, akaweka vitanda vya futi sita, vyandarua, na choo cha kukaa, akisubiri watalii. Vikaja virusi. Kijiji kizima kilikuwa kinamcheka, na kuku walikuwa wanataga juu ya magodoro mapya. Mtu wa aina hiyo, Nchagwa alijiambia, hahitaji kushawishiwa, anahitaji kushikwa mkono tu.

Akaoga, akavaa kofia yake ya mbugani, akaliendesha gari polepole kwa kuyahurumia matairi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mura. Hilo gari ni la watalii?"

"Lilikuwa, mama. Sasa ni la maendeleo."

Akaletewa kigoda na kikombe cha uji wa mtama. Majirani nao wakasogea, akiwemo mzee Heche wa nyumba ya tatu, ambaye hakuna jambo kijijini lililowahi kuanza bila yeye. Nchagwa akakohoa kidogo, kisha akakumbuka ni mwaka gani, akaomba radhi kwa kukohoa.

"Mama, wazungu wamefungiwa ndani huko kwao. Wanaangalia ukuta mpaka ukuta unawachoka. Sisi huku tunajifukiza, tunakunywa tangawizi, tunalima. Wanatuonea wivu! Sasa wanataka kuja, na safari hii hawaji kutembea. Wanakuja kukaa."

"Kukaa wapi?"

"Kwako."

"Wanakula ugali?"

"Wanauota."

"Na mchana kutwa watakuwa wanafanya nini, hao watu wazima?"

Nchagwa akavua kofia. Hapa ndipo kipaji chake kilipokuwa, na tusimnyime haki yake. "Uzoefu, mama. Mzungu wa kukaa kitambo hataki kuangalia, anataka kufanya. Akamue. Achunge. Akeshe shambani kufukuza tembo. Na analipia!"

"Analipia kufukuza tembo?" akadakia mzee Heche, ambaye alikuwa amekifanya kitendo hicho bure tangu ujana wake.

"Wanapanga foleni, tata."

Mama Wegesa akamtazama mgeni wake kwa muda, kuanzia kofia mpaka viatu, kama anayempima ng'ombe mnadani. "Na gharama yako ni nini?"

"Ada ya kumwandikisha tu. Ng'ombe mmoja kwa kila mzungu."

"Kwa nini ng'ombe?"

"Pesa ina virusi, mama. Inashikwa na kila mtu. Ng'ombe hana."

Jibu hilo liliwaingia watu kweli kweli. Mzee Heche akatikisa kichwa kukubali sayansi. Mama Wegesa akauliza kama Nchagwa anawajua wazungu hao au anawasikia tu, naye Nchagwa akatoa simu akamwonyesha: namba za Wajerumani, Waholanzi, Wamarekani, kila aliyewahi kupanda gari lake, na picha zao wakicheka. Lile lilikuwa jambo pekee la kweli alilosema siku hiyo, na mama aliliangalia kwa makini kuliko yote.

"Nitachukua wawili," akasema. "Mmoja atakuwa mpweke. Njoo kesho asubuhi uchukue ng'ombe. Heche, wewe ni shahidi."

Nchagwa alirudi Morotonga, alikokuwa amepanga chumba chenye ua tangu enzi za watalii, akalala usingizi wa mtoto mchanga. Matairi alikuwa ameshayaona, meusi, mapya, yananukia.

Mvua ilinyesha usiku. Asubuhi akapanda bodaboda mpaka kwa mama, gari akaliacha uani, kwa sababu ng'ombe hawapandi gari la watalii na lori lina dereva mwenye mdomo. Angewaswaga kwa miguu mwenyewe. Mama Wegesa alikuwa amemchagulia tayari, mtamba mmoja mweupe na dume jekundu lililonona.

"Hili jekundu lilinaswa na mtego wa waya zamani," mama akasema. "Kwato ya mbele ilikatika kipande. Lakini nyama ipo."

"Halina neno, mama. Halitaenda kucheza mpira."

Wakacheka wote wawili, na mama alicheka zaidi.

Sasa ndugu zangu, huko Mara hata mtoto anayetambaa anajua jambo hili. Ng'ombe wakipotea, ukunga unapigwa, wanaume wanatoka na fimbo, na nyayo zinafuatwa. Boma ambalo nyayo zimeingia na hazikutoka, ndilo lenye kujibu. Nchagwa alizaliwa na kukulia katika desturi hiyo. Baba yake alifuata nyayo, babu yake alifuata nyayo. Lakini yeye alikuwa amekaa mno nyuma ya usukani, na nyayo alizozijali siku hizi ni za chui, za kuwaonyesha wazungu. Akawaswaga ng'ombe wake kwenye tope laini, njia nzima, akipiga mluzi, na jekundu likapiga muhuri wa kwato mbovu kila hatua mpaka mlangoni kwake.

Alikuwa anaosha miguu na kuwaza mnada aliposikia ukunga. Akahuzunika. Kuna watu hawana haya, akasema, kuwaibia wenzao katika kipindi kigumu kama hiki! Akachukua fimbo, akatoka mbio kwenda kusaidia kumkamata mwizi, akakutana nao getini kwake.

Walikuwa wengi, na mbele yao mzee Heche ameinama, ananyoosha kidole ardhini. Akanyanyua uso taratibu.

"Zimeingia humu," akasema.

"Wazee! Nimepewa! Mzee Heche, wewe si shahidi?"

"Nilishuhudia makubaliano. Kutolewa sikushuhudia, nilikuwa nimelala." Nyuma yake vijana walikuwa wanabadilisha fimbo mkono mmoja hadi mwingine, na Nchagwa akayaona maisha yake yote yakipita, mengi yakiwa uongo.

Hapo bodaboda ikafika, imembeba Mama Wegesa, ameketi upande, kanga kichwani, bila haraka hata chembe.

"Mama! Waambie! Si ulinipa wewe?"

"Inawezekana," mama akasema, akishuka. "Niliamka nikaona ng'ombe hawapo, nikapiga ukunga. Uzee huu! Hebu nikumbushe, mwanangu. Wewe ni mwizi wangu, au ni mfanyabiashara wangu?"

"Mfanyabiashara!" Nchagwa alisema kwa sauti ambayo hata ukunga haukuifikia.

"Ahaa. Basi mfanyabiashara wangu ana wazungu wangu wawili. Wako wapi?"

Nchagwa akatazama huku na huku, kama kwamba wangetokea nyuma ya choo. "Wanakuja, mama."

"Vizuri. Ng'ombe ni wako, sikunyang'anyi. Watalala zizini kwangu. Gari nalo litalala kwangu. Na wewe utalala kwangu, mpaka wafike. Wazee mnasemaje?"

Wazee walisema hiyo ni haki kabisa, na wengine walionekana kusikitika kwamba fimbo zimekuja bure.

Ndivyo Nchagwa alivyopata uzoefu. Alikamua. Alichunga. Gari la kijani likafunguliwa paa likajazwa mahindi, kisha samadi, na yeye akalia machozi ya kweli siku ya samadi. Usiku alipanda kwenye dungu shambani, akapiga debe kufukuza tembo, na hakuna aliyepanga foleni. Lakini kule juu ya dungu ndiko mtandao ulikoshika, na mtu mwenye simu na hofu anaweza kufanya mengi. Akawaandikia wageni wake wote wa zamani. Kwanza aliwaandikia uongo mzuri, wa hoteli ya kifahari na bwawa la kuogelea. Hakujibiwa. Akapamba zaidi. Kimya. Mwishoni, kwa uchovu, akamwandikia Mjerumani mmoja, mama aitwaye Ulrike, ukweli mtupu: nimekwama kijijini, nalinda mahindi, tembo wamenizoea, kuna chumba kisafi chenye choo cha kukaa, mwenye nyumba ni mkali sana. Ulrike akajibu siku ile ile kwamba anakuja, na atakaa nusu mwaka. Nchagwa alishangaa mno. Alijihisi kama ametapeliwa.

Ndege zilianza kurudi, na siku Ulrike alipofika, na kompyuta yake na barakoa yake, kijiji kizima kilitoka. Kuku waliondolewa vitandani. Wale waliocheka vyumba vile sasa walikuwa wanauliza bei ya matofali. Nchagwa akaoga, akavaa ile kofia, akasimama mbele ya Mama Wegesa, mkono wazi.

"Mama, funguo."

Mama akampa funguo, akampigapiga begani. "Mwanangu, nilijua siku ile ile kuwa unadanganya. Lakini huku nani mwingine ana namba za wazungu? Asante sana. Haya, mpeleke mgeni akaone twiga. Mkirudi, mpitie mashineni, kuna magunia yangu."

"Si tulikubaliana, mama? Mzungu amekuja!"

"Amekuja, nani anabisha?" Mama akageuka kulitazama zizi, ambako dume jekundu na mtamba mweupe walikuwa wanacheua bega kwa bega. "Ng'ombe niliotoa walikuwa wangapi?"

Nchagwa akawahesabu mpaka wawili, kwa ule mdomo uliomlisha maisha yake yote. Akaingia garini, akawasha. Ulrike alikuwa ameshasimama kwenye paa lililo wazi, anajipangusa punje za mahindi, ana furaha isiyo kifani, na akainama kumuuliza kama na yeye amekuja hapa kukaa kitambo.

"Ndiyo kwanza naanza," Nchagwa akajibu, akaliondoa gari polepole, kwa kuyahurumia matairi.