Programu Isiyorudi Nyuma

Jumatatu, 27 Mei 2002

Kompyuta ya usharika imeganda tena. Safi sana! Kazi ya Philemoni hiyo, aliyerudi kutoka Dar na cheti chake na suruali zenye mifuko magotini. Programu yake ya kutoa matangazo ya Jumapili inameza faili zima kwa mkupuo, inalipanga kama mti, shina na matawi yote, ndipo ianze kufikiri. Na faili lenyewe si mchezo. Penina, katibu wetu, ameingiza humo matangazo yote tangu enzi za wamisionari, kwa XML, kila tangazo na alama yake ya kufungua na ya kufunga. Mashine ilikohoa, ikaganda.

Nikamwambia Mzee Aminieli nitaandika yangu, kwa lugha ya Java, isiyomeza kitu. Mzee Aminieli ni mzee wa kanisa, ndiye msoma matangazo. Ndiye pia baba yake Diana. Baba mdogo Ebenezer alishapeleka posa yangu tangu Pasaka. Beberu aliliwa, mifupa ikatupwa, jibu hakuna. Mzee anasema hamwozeshi binti yake kwa kijana ambaye kazi yake haijawahi kuonekana. Ataiona. Ataisoma kwa mdomo wake mwenyewe!

Jumatano, 29 Mei

Imekamilika. Kisomaji, kifaa kinachokuja na Java, kinapita kwenye faili mara moja, juu hadi chini. Kikikuta alama ya kufungua, kinaiita programu yangu: tangazo limeanza! Kikikuta maneno: shika! Kikikuta alama ya kufunga: limeisha! Programu imekaa tu inasikiliza, kama bibi anavyosikiliza matangazo ya vifo redioni. Likikupita limekupita. Hakuna kurudi nyuma. Ndiyo maana naipenda. Hata mimi sirudi nyuma.

Philemoni alichungulia begani kwangu bila kukaribishwa. Akadai kisomaji huweza kuleta sentensi moja kwa vipande, hivyo niviunganishe. Nikamwambia sentensi zangu huja nzima nzima. Akaondoka akitabasamu. Simpendi anavyotabasamu.

Jumapili, 2 Juni

Ushindi! Kompyuta haikuganda. Mzee Aminieli alivaa miwani, akasoma karatasi mwanzo hadi mwisho. Yeye husoma kilichoandikwa, hapunguzi wala haongezi.

Doa moja dogo. Ndesanjo, mpiga tarumbeta na mnadi wetu, amepoteza sauti. Kwa hiyo Penina aliandika: "Ndugu, hakuna mnada wa mavuno Jumapili ijayo." Kilichosomwa: "Mnada wa mavuno Jumapili ijayo." Sentensi ilikuja vipande viwili, programu yangu ikatupa cha kwanza na kubaki na cha pili. Penina alinikazia macho. Philemoni alitabasamu. Mimi niliimba kwa nguvu kuliko kanisa zima. Sijakosea mimi, kipande ndicho kilichokosea.

Jumapili, 9 Juni

Watu wameitikia! Maboga, majogoo, debe la maharage. Hata ndugu zao wa Nkoaranga walishuka na mikungu ya ndizi. Ndesanjo alifungua kinywa, ukatoka upepo mtupu. Basi nikapanda mimi kwenye benchi. Kila aliyemnunua jogoo alimtoa tena sadaka, nami nikamnadi tena, mpaka jogoo mwenyewe akachoka. Mchungaji alisema hajapata kuona mavuno kama haya. Mzee Aminieli akanishika mkono, akasema kumbe kazi naiweza, na nimwambie baba mdogo aje.

Nilimtafuta Philemoni makusudi. Nikamwambia kosa langu limezaa kuliko usahihi wake.

Alhamisi, 13 Juni

Mzee amesema ndiyo! Nilimpa shikamoo mara mbili kwa kiwewe. Tangazo letu la ndoa litasomwa mara ya kwanza Jumapili hii, na atakayelisoma ni yeye mwenyewe. Diana akanivuta pembeni akaniomba, kwa upole kabisa, hili niliandike kwa mkono. Kwa mkono! Mimi? Nikamwambia mwanamume hasaliti programu yake.

Hata hivyo nimerekebisha. Sasa kila kipande cha jina la bwana harusi kinatiwa mfukoni, kinaungana na mwenzake. Majina ya mabibi harusi sikuyagusa, hayana shida. Philemoni akasema mfuko lazima umwagwe kila tangazo linapofungwa, la sivyo bwana harusi wa kwanza atamsubiri wa pili humo humo. Nikamwambia mfuko ni wangu. Nimejaribu tangazo moja, limetoka safi. La pili litashindwa nini?

Jumapili, 16 Juni

Naandika nikiwa kwenye banda la kuku. Ndani kumejaa ndugu.

Tangazo la kwanza la ndoa lilikuwa la Ndesanjo, mgane wa siku nyingi, na Mama Susana. Vizuri, makofi. La pili letu. Mzee Aminieli akanyoosha karatasi, akasoma kilichoandikwa: "Bwana Ndesanjo wa Elerai Bwana Elihuruma wa Elerai anatarajia kufunga ndoa na Binti Diana Aminieli."

Kisha kwaya ikaangua kicheko, sauti zote nne. Mama Susana akamgeukia Ndesanjo. Masikini, sauti hana, alibaki kupunga mikono. Na Mzee akaendelea na sentensi inayofuata, maana nayo imeandikwa: mwenye pingamizi asimame aseme sasa.

Nilisimama! Ningefanyaje? Nimwachie Ndesanjo mchumba wangu? Nikatamka kwa sauti ile ile ya mnada kwamba nina pingamizi. Mchungaji akauliza ni dhidi ya ndoa ya nani. Nikasema ya Diana! Nilitaka kueleza, lakini alishanyanyua mkono: pingamizi limesikika, tangazo linasimamishwa mpaka baraza la wazee likae. Yaani mimi Elihuruma nimepinga ndoa ya Elihuruma, mbele ya usharika mzima.

Diana alitoka amejifunika kitenge usoni. Hiyo iliniuma. Iliniuma sana.

Jumatatu, 17 Juni

Baraza limekaa. Pingamizi litafutwa hadharani Jumapili ijayo, kwa tangazo. Likifutwa vizuri, ndoa inaendelea. Likiharibika, Mzee Aminieli anarudisha beberu, hata kama aliliwa. Diana amesema atakaa benchi la mbele, na kanisa likicheka tena anahamia kwa shangazi yake Moshi, na nisimfuate. Hakuwa anatania.

Philemoni alijitolea kuja kunimwagia mfuko. Safari hii hakutabasamu. Nikamwambia ahsante, hapana. Penina akanong'ona kwamba mfa maji haachi kutapatapa. Nilimsikia!

Mfuko nimeutupa kabisa, ndio ulioniponza. Nimerudisha programu ya Mei kama ilivyokuwa. Ile hutupa kipande mara moja moja tu, lakini haijawahi kumchanganya mtu na bwana harusi wa mwenzake, na mavuno ilileta. Tangazo lenyewe ni fupi, Penina ameshaliingiza: "Elihuruma hana pingamizi dhidi ya ndoa hii." Sentensi moja tu! Hata kulijaribu ni kujidharau.