Kibatari Changu Hakijashuka

Ndugu Mkuu wa Idara ya Masoko,

Jumanne ya wiki jana, saa nne kasoro robo asubuhi, nilipoteza meza yangu ya mbele dukani. Nimekaa kwenye meza hiyo miaka thelathini na minne nikikata bati na kulehemu vibatari vya mafuta ya taa. Sasa imesukumwa nyuma ya mlango, jirani na pipa la maji, na mimi nimesukumwa nayo. Aliyeisukuma ni binti yangu, mhitimu wa idara yako. Aliyemtuma ni wewe.

Najua utasema hunijui. Mimi ni fundi bati. Sikusomeshwa na mtu. Nilianza na mkasi wa kuazima na makopo ya maziwa niliyookota. Binti nimemsomesha kwa vibatari, na nikipiga hesabu vizuri, vibatari elfu sita na mia mbili ndivyo vilivyomfikisha kwenye darasa lako. Akarudi na cheti, na mchoro.

Mchoro wenyewe ni mstari mmoja wenye nundu kama ya ng'ombe. Umegawanywa mara nne: kuingia sokoni, kukua, kukomaa, kushuka. Binti ameweka alama nyekundu kule mwisho kabisa, mkiani, akaniambia kwa upole, "Baba, kibatari kiko hapa. Usikasirike, ni mzunguko wa maisha ya bidhaa." Kisha akapanga taa zake za sola pale mbele, nilipokuwa nakaa.

Sikukasirika. Ninalalamika tu, kwa utaratibu ufuatao.

1. Mstari wenu hauna vipimo. Pembeni mmeandika "mauzo", chini mmeandika "muda", basi. Muda gani? Wiki? Mwaka? Mimi nikimkatia mteja bomba la maji ya mvua bila kupima, litavuja, atanirudishia na matusi juu. Ninyi mmekata maisha yangu kwa jicho. Naomba tarehe. Kama kibatari kinakufa, kinakufa lini, asubuhi au jioni?

2. Hata kwa mstari huohuo, mmekosea. Wiki moja kabla ya mchoro kuletwa niliuza vibatari kumi na moja. Wiki ya mchoro nikauza kumi na tatu. Hilo ni ongezeko la asilimia kumi na nane, na daftari la binti linasema mauzo yakipanda bidhaa inakua. Nilipomwonyesha, alisema viwili kati ya hivyo vilinunuliwa na shule kwa ajili ya maonyesho ya vitu vya kale. Sawa, lakini mwalimu alilipa kama watu wengine. Mteja haulizwi anakwenda kukifanyia nini.

3. Habari ya kushuka imetangazwa bila idhini ya mhusika. Binti alibandika mchoro ukutani, na kinyozi wa mlango wa pili akaja kuazima kioo, akausoma. Ndugu Mkuu, mtaa mzima unaniita Mzee Lehemu. Tangu siku ile kinyozi ananiita Marehemu Lehemu, na wateja wake wanacheka hadi wanakatwa vibaya. Jumatano shemeji yangu akafika na kilo mbili za sukari, kajifunga khanga kichwani, akanishika mkono: "Pole shemeji, tumesikia. Kazi ya Mungu." Nikamwambia nipo. Akasema, "Ndiyo, jipe moyo hivyohivyo."

4. Hili ndilo lililonitoa jasho. Alhamisi binti alikuwa anahesabu bidhaa dukani, akaweka kikaratasi kwenye kila rafu kujisaidia kukumbuka. Kwenye rafu yangu akaandika: VIBATARI – HATUA YA KUSHUKA. Kufika adhuhuri walikuwa wamesimama watu kumi na tisa, wote wanataka bei iliyoshuka. Nikawaeleza kwamba bei haijashuka, kilichoshuka ni kibatari chenyewe. Wakatazamana. Mama mmoja mwenye kikapu akaniuliza, "Mzee wangu, kitu kimeshuka, bei imebaki pale pale, na huo si wizi?" Walikuja kumi na tisa, na hakununua hata mmoja. Naomba idara yako iniandikie jibu la yule mama, maana swali ni lenu, mimi niliulizwa kwa makosa.

5. Mchoro umeingia nyumbani. Mke wangu hajasoma hata ukurasa mmoja wa masoko, lakini sasa ndiye mtaalamu. Nikisema mgongo unauma, ananijibu, "Ni hatua." Nikiomba chai ya pili, "Tupunguze gharama, uko mkiani." Jumamosi nilimuuliza ndoa yetu iko hatua gani. Akafikiri, Ndugu Mkuu. Akafikiri muda mrefu kuliko inavyofaa, halafu akasema, "Kukomaa. Lakini usijisahau."

6. Nimesoma ushauri wenu kwa bidhaa inayoshuka. Mnasema mwenye nayo ama aivune, ama aachane nayo. Nivune nini? Sikupanda, nilikata bati. Na kuachana nayo, mtu anaachana vipi na kitu ambacho mikono yake inakitengeneza huku yeye anazungumza mambo mengine? Jana nilikaa kupumzika, nikashtuka nimeshakunja shingo ya kibatari kwa karatasi ya gazeti.

7. Sasa nije kwako mwenyewe, na unisamehe. Madokezo ya binti yangu ni nakala ya nakala. Maneno yamefifia, na chini kabisa pana mwaka uliochapwa: ni wa miaka ishirini na miwili iliyopita. Binti aliingia darasani wakiwa themanini na nne, wakamaliza thelathini na mmoja. Nimeichora hesabu hiyo juu ya nundu yenu kwa penseli. Somo lenu liko chini ya kibatari. Mbona wewe hujasukumwa nyuma ya mlango, jirani na pipa la maji?

Sina ubaya na mtu. Mimi pia naona. Najua nyumba za mtaa huu zina umeme, na ukikatika watu wanawasha simu. Lakini mtu aliyesimama juu ya kilima hushuka kwa miguu yake, akishikilia hapa na pale. Mimi nimesukumwa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, kibatari kirudishwe hatua ya kukomaa kwa miaka mitano. Siombi kukua, sina tamaa. Pili, uamuzi huo uandikwe kwenye karatasi ya chuo na kupigwa muhuri, niubandike juu ya mchoro.

Seremala anakuja Ijumaa saa nne asubuhi kuweka kabati la vioo mahali ilipokuwa meza yangu. Akishapiga msumari wa kwanza, barua yako haitanifaa. Nijibu kabla ya saa hiyo, kwa neno moja tu, bila mchoro: kibatari kimekwisha, au hakijakwisha?

Nisalimie mhadhiri wa binti yangu, katibu muhtasi wako, na yule mlinzi wa getini kwako aliyenizuia Ijumaa iliyopita kwa sababu nilikuja na mkasi wa bati. Mwambie sikuwa na nia mbaya, huwa ninatembea nao. Na watu wa nyumbani kwako wote.

Wako katika kutetea bati,

Mzee Lehemu, fundi
(bado niko hai)

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha. Taa za sola za binti zina kasoro, hazisimami. Ukiweka moja mezani inalala kama mlevi. Juzi alikuja kule nyuma na taa moja mkononi, akasema, "Baba, huwezi kunikatia kitu cha kuzisimamishia?" Nikamkatia stendi moja, nimkomeshe. Kesho yake akaagiza mia mbili. Nimeshakata themanini na nne kwa bati la vibatari, na lilipopungua nilifumua vibatari vyangu ishirini na sita vilivyokuwa rafuni, kwa mkono wangu mwenyewe. Nyuma ya mlango kuna kivuli kizuri, na maji ya kupoza chuma yako jirani, ila hilo usimwambie mtu. Seremala aje tu. Lile swali la kibatari liache. Nijibu hili, Ijumaa hiyohiyo kabla ya saa nne, kwa sababu nataka kujua niagize bati kiasi gani: stendi ziko hatua gani?