Ugonjwa Alioniwekea Bibi

Jumatatu, 3 Novemba

Mtihani wa vitendo ni Alhamisi. Sijasoma. Si kwamba sijasoma kabisa: pumu naijua kwa moyo, maana ndiyo sura ya kwanza, na kila nikishika kitabu huanza mwanzo. Wenzangu wamefika figo. Purity, msichana wa Tononoka anayekaa kiti cha mbele, amemaliza kitabu chote na sasa anawafundisha wengine bila kuombwa. Watu wa tabia hiyo siwapendi.

Leo Mwalimu Kitsao ametangaza kuwa chuo kinataka wagonjwa wa kweli wajitolee, tuwapime siku hiyo. Chai na nauli juu ya chuo. Darasa zima likanung'unika. Mimi nikatabasamu. Mgonjwa ninaye nyumbani.

Jumanne, 4 Novemba

Bibi yangu, Bi Mwanakuu, ndiye aliyenilea hapa Kibokoni tangu mama afariki. Tangu niingie chuo cha utabibu hajakanyaga hospitali. Majirani wakimwambia aende, hujibu kuwa ana mjukuu daktari, na mtu hapiki biriani kwake akenda kula hotelini. Ugonjwa wake ananiwekea mimi.

Na ugonjwa upo. Miguu imemvimba. Ngazi za nyumba yetu hazimalizi bila kupumzika katikati. Usiku hulala kitini, maana akilala chali pumzi humkata. Mambo hayo hayamo katika sura niliyoisoma.

Kwa hivyo nimemwambia Alhamisi aseme ana pumu. Nimemfundisha vizuri: kifua humlia usiku, vumbi humzidishia, na udi pia. Hapo kwenye udi alikasirika, akasema udi haujamdhuru mtu tangu dunia iumbwe. Nikamnunulia soksi ndefu, nikamwambia asizivue hata akiombwa na nani.

Akaniuliza ule ugonjwa wake mwenyewe utatazamwa lini. Nikamwambia nikishafaulu. Akasema haya, kwanza nifaulu.

Alhamisi, 6 Novemba

Hakuna haki duniani. Mimi nilidhani aliyeleta mgonjwa ndiye humpima. Kumbe Mwalimu Kitsao hupiga kura! Bibi akaangukia kwa Purity.

Mimi nikapewa bwana mmoja wa Majengo ambaye tumbo humchoma akiwa na njaa. Nikamuuliza habari ya vumbi. Akasema vumbi halimsumbui. Nikamuuliza habari ya udi. Akanitazama. Nikaandika: pumu iliyojificha.

Ya upande wa pili wa pazia niliyasikia yote. Bibi alisoma maneno yake bila kukosea hata moja, nikaona fahari. Purity akamwomba avue soksi. Bibi akasema ameweka nadhiri. Purity hakubishana. Alimshika mkono, akamuuliza habari za nyumbani, za usingizi, za ngazi, mpaka soksi zikavuliwa. Akabonyeza mguu kwa kidole gumba, pakabaki shimo. Akamwambia Mwalimu kuwa hii si pumu, ni moyo unaoshindwa na kazi, na maji yamejaa mwilini. Bibi akamwambia, wee mwanangu, mwenye mwili ni mimi, nami nasema pumu.

Mwalimu aliniita nje. Hakugomba. Alisema nimpeleke Bibi hospitali leo hii, si kesho, na ya mtihani tutayazungumza Jumatatu. Akatuitia tuktuk mwenyewe.

Njiani Bibi hakuuliza ana nini. Aliuliza kama nimefaulu. Nikamwambia matokeo bado. Akasema basi twende nyumbani, amechoka kushikwashikwa na watu, na yeye atatibiwa na mimi. Nikamwambia dereva ageuze.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimefikiri vizuri. Akilazwa leo, mji mzima utajua kuwa Purity ndiye aliyeujua ugonjwa wake. Mimi nimekaa naye nyumba moja miaka yote! Bora hivi: leo na kesho nisome sura ya moyo. Jumatatu nivae koti, nimpeleke Bibi mbele ya Mwalimu, nimweleze ugonjwa mimi mwenyewe, toka mwanzo mpaka mwisho. Alama zangu zitarudi. Kutoka hapo tutakwenda moja kwa moja hospitali. Jumatatu si mbali.

Purity amepiga simu kuuliza Bibi yuko wodi gani. Nikamwambia amepumzika. Si uongo, alikuwa amesinzia kitini.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimesoma sura ya moyo. Kila mstari ni yeye. Kukosa pumzi akilala, yeye. Miguu, yeye. Kukataa chakula kwa sababu tumbo limejaa upesi, na mimi nilidhani amechoka na mapishi yangu. Niliogopa, nikafunga kitabu.

Nikaenda nikachutama mbele ya kiti chake. Nikabonyeza mguu. Shimo likabaki. Nikangoja lijae, halikujaa. Akaniuliza, umeona nini, daktari wangu. Nikamwambia naona ni moyo. Akasema alhamdulillahi, alijua nitaona. Akasema amengoja siku nyingi nimshike, ila hakutaka kunitoa kwenye masomo.

Nilitaka kuita tuktuk pale pale. Wallahi nilisimama nikatafuta viatu. Akaniuliza nakwenda wapi. Nikamweleza habari ya Jumatatu na alama zangu. Akasema basi iwe Jumatatu, asije yeye akaniharibia kwa haraka ya siku mbili. Nikavua viatu, nikampikia uji. Alikunywa vijiko viwili.

Jumatatu, 10 Novemba

Bibi alifariki jana kabla ya adhana ya alfajiri. Kitini pale pale. Nilikwenda na chai yake nikamwita, nikamwita tena.

Amezikwa adhuhuri ya jana. Leo nyumba imejaa watu, na mimi naiona tupu. Kila ninakogeuka kuna kitu chake. Soksi zile alizifua mwenyewe Ijumaa, bado ziko kwenye kamba. Siwezi kuzianua. Nina uchungu ambao sijui niuweke wapi. Wananiambia siku zake zilikuwa zimefika, nami nawajibu ndiyo, zilikuwa zimefika. Nikilala nauona ule mguu.

Purity alikuja, amejitanda leso, akalia kuliko jamaa za marehemu. Nikaona amepita mipaka, huyo Bibi si wake. Hakuniuliza tena habari ya wodi. Afadhali angeniuliza. Mwalimu Kitsao alinipa mkono, akasema pole, na mtihani nitarudia Januari.

Jumatano, 12 Novemba

Leo khitma. Baada ya watu kutawanyika, Bi Ummukulthum wa nyumba ya pili, shoga yake Bibi tangu utoto, aliniita kando. Masalkheri daktari, aliniambia. Nilisikia neno hilo machozi yakanitoka, maana nilidhani limezikwa naye.

Akainua buibui kidogo akanionyesha kidole cha mguu. Kina kidonda, kimeanza kuwa cheusi. Akasema hakiponi, kiu pia haimwishi, na kesho wanawe wanataka kumpeleka hospitali. Lakini yeye amewakatalia. Bi Mwanakuu alimsifia sana mjukuu wake, naye anataka kuniwekea mimi.

Nilikitazama kidonda. Nadhani ni sukari. Sura ya sukari ni ya tisa, sijaifikia, lakini mpaka Januari nitakuwa nimeifikia. Na kama sijaifikia, Bi Ummukulthum ana akili nyepesi kuliko Bibi, maneno ya pumu atayashika kwa siku moja.

Nimemwambia asihangaike kwenda popote, anisubiri. Ameniombea dua ndefu. Soksi zile nimezianua, zinamtosha.